Kiraho cha Kaya Fungo

Agosti 1914 Waingereza waliingia Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama upande wa Kaloleni, pwani ya Kenya, wakaulipua kwa baruti. Hapakuwa na ghala la silaha mle. Walichokiogopa ni kiapo kilicholiwa humo mwaka uliotangulia.

Kiapo kwa Wagiriama ni kiraho, nacho kina aina zake. Mtu akishukiwa wizi au uchawi aliweza kupewa cha shoka: shoka linatiwa motoni mpaka liwe jekundu, linapitishwa kiganjani mwake, akiungua ndiye. Lakini kilichoogopwa kuliko vyote ni cha fisi, kilichokuwa mikononi mwa wazee wa chama cha siri. Aliyekivunja, watu waliamini, alikuwa maiti mtarajiwa, na wa kumfungua ni wazee haohao, kwa malipo. Wanawake walikuwa na chao, mukushekushe.

Mwaka 1913 mjane Mekatilili wa Menza, akiwa na Wanje wa Mwadorikola, aliwaita watu kayani. Ofisa Arthur Champion alikuwa akiwadai kodi ya kibanda na vijana wa kufanya kazi za Wazungu. Wanaume wakala fisi, wanawake mukushekushe: kodi hailipwi, kibarua cha Mzungu hakifanywi, na mzee aliyewekwa na serikali hasikilizwi. Champion akabaki anatoa amri zisizo na wa kuzitii.

Wapo wanaouita huu ushirikina. Mimi naiona sheria, tena yenye meno, ya watu wasiokuwa na polisi wala gereza. Hata Waingereza, kwa kejeli zao zote, waliiamini: walipomkamata Mekatilili Oktoba 1913 na kumpeleka Kisii, waliwashurutisha wazee wavitengue viraho kwa mila zilezile. Haikusaidia kitu. Mama akatoroka, akarudi kwao kwa miguu, akakamatwa tena. Kaya ilipolipuliwa vita vikawaka. Wagiriama wapatao 150 wakauawa, waliosalia wakatozwa faini nzito.

Mekatilili aliruhusiwa kurudi mwaka 1919. UNESCO iliziingiza kaya za Wamijikenda, ambao Wagiriama ni miongoni mwao, katika urithi wa dunia mwaka 2008, na hii ya Wagiriama imo. Ukienda, waone wazee kwanza, vua viatu, na usivunje hata kijiti.