Belgrave: Mtaa wa Leicester Ulioinuliwa na Wenye Maduka Kutoka Afrika Mashariki

Septemba 1972, siku 90 ambazo Rais Idi Amin aliwapa Wahindi kuondoka Uganda zikiwa zinayoyoma, gazeti la Uganda Argus lilichapisha tangazo lililolipiwa na Halmashauri ya Jiji la Leicester, Uingereza. Liliwasihi Wahindi hao wasihamie Leicester, kwani nyumba, shule na huduma za afya zilikuwa zimeelemewa. Wapo waliosimulia baadaye kwamba kabla ya hapo hata jina la jiji hilo hawakuwa wamelisikia. Maelfu walikwenda, na wengi wakatua Belgrave, kaskazini mwa katikati ya jiji.

Belgrave ilianza kama kijiji kando ya mto Soar. Jumba lake maarufu, Belgrave Hall, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya Edmund Cradock, mfanyabiashara wa soksi, na biashara hiyohiyo ndiyo iliyokuja kukimeza kijiji. Viwanda vya kufuma na vya viatu vilipopanuka katika karne ya 19, mashamba yaliyokitenga na mji yalijaa safu za nyumba za matofali za wafanyakazi, zilizoungana kuta na milango yake ikifungukia barabarani. Mwaka 1892 Belgrave ikaingizwa rasmi ndani ya mipaka ya Leicester.

Kufikia miaka ya 1960 nyumba hizo zilikuwa zimechakaa. Wazungu waliojiweza walihamia vitongoji vipya, maduka ya Belgrave Road yakaanza kufungwa, na bei za nyumba zikawa za chini. Wakati huohuo Kenya ilianza kuwadai wasio raia vibali vya kazi na leseni za biashara. Wahindi wenye pasipoti za Uingereza waliondoka kwa wingi, hata Bunge la Uingereza likapitisha kwa siku tatu, mwaka 1968, sheria ya kuwazuia. Tanzania nayo ilitaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971, na familia nyingine zikafunga safari. Kwa hiyo Wahindi wa Uganda walipofika, tayari Leicester ilikuwa na shemeji, binamu na majirani wao wa zamani. Tangazo la halmashauri lisingeweza kushindana na barua ya ndugu.

Mapokezi hayakuwa mazuri. Katika uchaguzi wa halmashauri wa 1976, chama cha National Front kilichopinga wahamiaji kilipata karibu moja ya tano ya kura za jiji. Kazini, watu waliokuwa wamezoea kusimamia biashara zao walijikuta kwenye mashine, mara nyingi zamu ya usiku. Mei 1974 wafanyakazi wa Kihindi wa kiwanda cha Imperial Typewriters, wengi wao kutoka Uganda, waligoma wakipinga ubaguzi na kupunjwa bonasi, na viongozi wa chama chao cha wafanyakazi pale Leicester hawakuwaunga mkono. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa.

Ujuzi wa duka, hata hivyo, haukupotea. Familia zilichanga akiba, zikakodi vibanda vitupu vya Belgrave Road na kugawana zamu za kukaa kaunta kama walivyofanya Kampala au Kisumu. Zikaja sari, masonara, mboga na viungo, na mihogo ya kukaanga ambayo mpaka leo huiita mogo. Barabara ikapata jina la Maili ya Dhahabu. Viwanda vya kufuma vilipoporomoka, maduka yalibaki yakiuza na kuajiri. Sasa taa za Diwali huwavuta makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, na barabara ya juu iliyokuwa imeupasua mtaa ilibomolewa mwaka 2014.

Wajukuu wengi wa wenye maduka ni wafamasia, wahasibu na mawakili, na baadhi wamehamia kitongoji cha Oadby chenye bustani na nafasi. Nyumba walizoacha zimepangwa na wageni wapya, wakiwamo Wahindi wa Daman na Diu waliopata pasipoti za Ureno kwa kuwa maeneo hayo yalitawaliwa na nchi hiyo hadi 1961. Nao wameanzia viwandani, kwenye cherehani, na wamepachagua kwa sababu zilezile: kodi wanayoimudu na ndugu aliyetangulia. Ramani za maofisa wa mipango miji hazijawahi kuwa na nguvu kuliko mambo hayo mawili.