Ada, Bakshishi na Hongo: Historia ya Maneno ya Shukrani

Kiswahili kina maneno kadhaa ya malipo ambayo si ujira wala si bei: ada, kilemba, bakshishi, kiinua mgongo, arubuni, hongo. Anayeyafasiri upesi huenda akatosheka na neno moja tu, zawadi. Historia, hata hivyo, yaonyesha kwamba maneno haya hayakuwa visawe. Yalitenganishwa na maswali mawili: je, malipo yalitolewa kabla ya kazi au baada yake? Na je, yalitolewa hadharani au kwa siri? Maswali hayo yangali na uzito, kwa kuwa ndiyo yanayotenga shukrani na rushwa.

Neno ada lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni desturi. Kutoka hapo likaja kutaja malipo yenyewe: ada ya mganga, ada ya kungwi, ada ya mwalimu. Badiliko hili lina mantiki yake. Aliyehudumiwa hakupiga hesabu ya asilimia 15 au 20 ya gharama, kama ilivyo desturi katika mikahawa ya Marekani. Kiasi kiliongozwa na mazoea ya watu wa mahali pale. Katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, na ambacho sehemu yake kubwa yatokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, malipo ya arusi yana majina yake, kama vile kilemba cha baba na mkaja wa mama. Kilemba kilikuwa pia tunzo ya mwanafunzi kwa fundi wake alipohitimu. Jina lenyewe lilimkumbusha mtoaji alichopaswa kutoa, na wakati wa kukitoa.

Bakshishi, au bahashishi, ni neno la Kiajemi lililoenea katika Kituruki, Kiarabu na lugha za Bara Hindi. Tofauti na ada, kiasi chake huachiwa hiari ya mtoaji, nayo hufuata huduma. Kiinua mgongo nacho chachora picha ya mtu aliyeinama kazini, ambaye sasa ainuliwa kwa kitu kidogo. Leo neno hilo latumika kwa malipo ya mkupuo anayopewa mtumishi amalizapo utumishi wake, na aghalabu ni haki iliyoandikwa katika mkataba. Hivyo neno la hisani limepanda daraja likawa neno la haki.

Maneno ya malipo yanayotangulia yamepita njia nyingine. Arubuni, pia kutoka Kiarabu, ni fedha ya kufungia mapatano. Lakini kitenzi kurubuni sasa chaeleweka zaidi kwa maana ya kushawishi kwa hila. Mfano mkubwa kuliko wote ni hongo. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru ambao misafara ililipa watawala wa bara ili ipite katika nchi zao, aghalabu kwa nguo zilizopimwa kwa shuka na doti, kwa ushanga na kwa waya. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alilalamika juu yake mara kwa mara. Hata hivyo maelezo yake mwenyewe yaonyesha kwamba hongo haikufichwa: ilijadiliwa, pengine kwa siku kadhaa, na ngoma zikapigwa kutangaza kwamba mtawala ameridhika.

Utawala wa kikoloni ulipowaondolea machifu mamlaka ya kutoza, na reli ya kati ya Tanganyika ilipofika Kigoma mwaka 1914, misafara ilififia. Neno likabaki bila shughuli yake ya awali. Malipo ya kufunguliwa njia yaliendelea kuitwa hongo, ila sasa mpokeaji ni mtumishi ambaye njia si mali yake, na ngoma haipigwi. Nchini Kenya hata hongo limekuwa kali mno kutamkwa, likasitiriwa kwa chai na kitu kidogo. Methali "mkono mtupu haurambwi" nayo hutajwa kama kwamba ni hoja ya kisheria.

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha ana wajibu. Ibara ya 76 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kwamba zawadi apewayo afisa wa Serikali katika hafla ya umma au ya kikazi ni zawadi kwa Jamhuri. Sheria hiyo yahitaji msamiati unaotenganisha mambo. Kamusi itakayoeleza hongo, bakshishi na kiinua mgongo bila kutaja wakati wa kutoa wala uwazi wa kutoa itamsaidia yule apendaye yachanganyike. Mhudumu apokeaye bakshishi mbele ya watu baada ya kazi njema hastahili kuwekwa kapu moja na karani auzaye sahihi yake.