Injini ya Adui Ndani ya Messerschmitt

Ndege ya kwanza ya kivita ya Messerschmitt Bf 109 iliporuka Ujerumani mwaka 1935, injini iliyoivuta ilikuwa Kestrel ya Rolls-Royce, kampuni ya Kiingereza, kwa sababu injini ya Kijerumani iliyokusudiwa ilikuwa haijawa tayari. Miaka ishirini baadaye, ndege za mwisho za ukoo huohuo zilikuwa zikiundwa Sevilla, Hispania, na injini yake ilikuwa tena ya Rolls-Royce: Merlin, ndugu wa ile iliyoirusha Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza. Katikati ndipo ilipotawala Daimler-Benz, kwanza 601 kisha 605, na hiyo ndiyo wapenzi wengi wa ndege za zamani wanayoihesabu kuwa injini halali ya Bf 109. Kwa hiyo wapo wanaochukua bodi la Sevilla, wakang'oa Merlin na kufunga Daimler-Benz 605, injini ambayo viwanda viliacha kuitengeneza tangu miaka ya 1940, kisha wakasema wameirudishia ndege uasilia wake. Mimi naona hapo hakuna kilichorudishwa, kwa kuwa bodi lile halikuwahi kuwa na injini hiyo hata siku moja.

Ushahidi uko katika namna ndege hizo zilivyozaliwa. Mwaka 1942 kampuni ya Hispano Aviación ilipewa leseni ya kuunda Bf 109G-2, kwa makubaliano kwamba Ujerumani ingeleta injini, rafadha na silaha. Vita vikaigeukia Ujerumani, na kilichofika Hispania ni mabodi 25 yasiyo na injini wala mikia, pamoja na michoro isiyokamilika. Wahispania wakajaribu injini ya Hispano-Suiza, na ndege ikaruka mwaka 1945, lakini haikuwaridhisha. Mwaka 1954 ndipo walipoirusha na Merlin ya nguvu farasi 1,600. Ulaya ilikuwa tayari imehamia kwenye ndege za jeti, na injini za pistoni za Waingereza zilipatikana. Kuifunga hakukuwa kazi ya kubadilisha spea. Silinda za Daimler-Benz 605 zinaning'inia kichwa chini, mabomba ya moshi yakitokea chini ya pua. Za Merlin zimesimama wima, mabomba yakapanda juu na kidevu cha ndege kikashuka na kutuna. Kwa kidevu hicho ikaitwa Buchón, jina la njiwa dume mwenye kifua kilichojaa. Hata silaha zilihama. Daimler-Benz iliruhusu mzinga mmoja kufyatulia katikati ya kitovu cha rafadha. Kwenye Merlin nafasi hiyo haikuwapo, hivyo mizinga ikapelekwa kwenye mabawa. Atakayeng'oa Merlin leo itambidi abomoe pua nzima, na pua hiyo ndiyo inayosimulia yaliyowapata Wahispania.

Chekoslovakia inaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Baada ya vita Wachekoslovakia walikuwa na mabodi ya Bf 109, lakini akiba yao ya injini za Daimler-Benz iliteketea katika mlipuko wa ghala mwaka 1945. Wakafunga Jumo 211, injini nzito ya ndege za mabomu, yenye rafadha pana iliyoivuta ndege upande kila iliposhika kasi ya kupaa. Marubani waliiita nyumbu, na si kwa mapenzi. Israel ilizinunua ndege hizo mwaka 1948, zikawa za kwanza za kivita katika jeshi lake la anga. Mtu akiichukua mojawapo akaifungia Daimler-Benz ili “iwe sahihi”, atapata ndege tulivu zaidi, naye atakuwa ameifuta sababu ya marubani kuilaani.

Watetezi wa Daimler-Benz wana hoja, na moja ni nzito. Wanasema Merlin nayo imeachwa kutengenezwa zamani, basi kwa nini injini moja mfu iheshimiwe kuliko nyingine? Ni kweli, ila kuachwa kutengenezwa kuna daraja zake. Merlin zilitengenezwa takriban 150,000, zaidi ya theluthi moja zikitoka kiwanda cha Packard, Marekani. Zilirusha Spitfire, Hurricane, Mustang na Lancaster, na mpaka leo zipo karakana zinazoishi kwa kuzifufua. Filamu ya Battle of Britain ya mwaka 1969 inachekesha kwa mtu anayelijua hili: Buchón zilicheza nafasi ya Bf 109, na ndege za mabomu za “Wajerumani” zilikuwa Heinkel zilizoundwa Hispania, nazo zina Merlin. Pande zote mbili zilipigana kwa injini moja. Daimler-Benz 605 hazikubahatika hivyo. Nyingi ziliishia kuwa chuma chakavu.

Hoja nzito ni hii: ndege ni kitu cha kuruka, na kuna elimu isiyopatikana kwa kuitazama injini ndani ya kabati la makumbusho. Nakubali. Daimler-Benz ilinyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, wakati Merlin za mwaka 1940 zilitegemea kabureta. Rubani Mjerumani akisukuma pua chini ghafla alipiga mbizi bila shida. Mwingereza akimfuata kwa mtindo huo, mafuta yalihama na injini ikakohoa. Mhandisi Beatrice Shilling alipunguza tatizo hilo kwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu. Mbinu nzima ya kukimbia vitani ilitokana na injini. Lakini hoja hiyo inaunga mkono kuirusha Daimler-Benz kwenye bodi lililozaliwa nayo, kama ile Bf 109G-2 iliyotekwa Libya mwaka 1942 na ikafufuliwa Uingereza kwa kazi ya karibu miaka ishirini. Iliruka tena mwaka 1991. Oktoba 1997, baada ya hitilafu ya injini, ilipinduka ikitua Duxford; ilikarabatiwa, ila kwa kuonyeshwa tu, si kuruka tena.

Ajali hiyo inatukumbusha pia gharama. Daimler-Benz 605 zinazoweza kuzunguka ni chache, na inayofungwa kwenye Buchón inatolewa kwenye akiba hiyohiyo ambayo Bf 109 za Kijerumani, zikiwemo zilizoopolewa katika maziwa ya Urusi, zinaisubiri. Buchón yenye Merlin haina haja ya kugombania. Mojawapo ilipakwa rangi ya njano puani ikaigiza tena ndege ya Kijerumani katika filamu ya Dunkirk ya mwaka 2017, injini yake ya Kiingereza ikiwa mahali pake.