Kelele Zilizotoka Uzaramo

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa muziki wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Wasikilizaji wengi wa Ulaya waliupokea kama ndugu wa muziki wao wa kelele: midundo zaidi ya 200 kwa dakika, sauti za kukwaruza, hakuna pa kuvutia pumzi. Undugu huo naukubali kwa shingo upande. Kwao kelele iliingia kwenye muziki kwa uasi. Mwitaliano Luigi Russolo aliiandikia ilani mwaka 1913 akiwa amechoshwa na okestra. Singeli haikumwasi mtu. Sikio linaloipenda lilikwisha kufundwa Uzaramoni, katika nchi ya Wazaramo inayoanzia pwani ya Dar es Salaam na kupanda hadi vilima vya Pugu na Kisarawe.

Tazama mdundiko. Ngoma hii ya Wazaramo haikai uwanjani, inatembea. Wapigaji wanakwenda, watu wanajiunga njiani, na mtoto aliyeifuata huja kushtuka yuko mtaa asioujua. Ikipigwa kwa upole itamkusanya nani? Ukali wa sauti ndio mwaliko wenyewe. Miaka ya 1990 vijana wa mchiriku, muziki wa mitaani wa Dar es Salaam uliotokana na ngoma za Wazaramo, kundi la Jagwa Music likiwamo, walipitisha kinanda kidogo cha Casio kwenye amplifaya na spika za honi mpaka sauti ikapasuka. Singeli ikaja kuchukua vipande vya taarabu na mchiriku, ikavikimbiza.

Wapo watakaosema huo ni umaskini wa vyombo tu, wala si ladha. Kwa mchiriku hoja hiyo ina uzito. Lakini kompyuta ya Mburahati ingeweza kutoa sauti safi na mwendo wa taratibu, na mafundi wake wakachagua kinyume. Lawama ya pili ni nzito zaidi: vigodoro, sherehe za mitaani za usiku kucha ambako singeli hupigwa, vinawanyima watu usingizi, na viongozi wa maeneo mbalimbali wamewahi kuvipiga marufuku. Jirani asiyelala ana haki, ila kesi yake haihusu kama singeli ni muziki. Inahusu spika. Mdundiko, hata ukiwa mkali kiasi gani, hupita mlangoni ukaenda zake. Spika ya kigodoro hufungwa mahali pamoja hadi alfajiri. Mila ya zamani haikuacha kanuni ya kelele isiyoondoka.