Georgia: Msimamizi wa uchaguzi anapopigiwa kura

Marekani haina tume moja ya taifa inayosimamia uchaguzi wa rais na kumtangaza mshindi. Iko Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi mjini Washington, lakini kazi yake ni kufuatilia fedha za kampeni. Haihesabu hata kura moja. Kuandikisha wapiga kura na kuhesabu kura ni shughuli ya kila jimbo kwa sheria zake, na katika majimbo mengi mkuu wa shughuli hiyo ni afisa aitwaye Katibu wa Jimbo.

Kinachomshangaza msomaji wa Afrika Mashariki ni jinsi afisa huyo anavyopatikana. Nchini Kenya, Tanzania na Uganda wakuu wa tume za uchaguzi huteuliwa na rais, kwa taratibu zinazotofautiana, na malalamiko ya wapinzani yamekuwa yale yale kwa miaka mingi: mwamuzi hawezi kumwonyesha kadi nyekundu mtu aliyempa filimbi. Katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, filimbi hutolewa na wananchi wenyewe. Katibu wa Jimbo huchaguliwa kila baada ya miaka minne, tena kwa tiketi ya chama.

Ofisi yake mjini Atlanta ina majukumu mengi yasiyohusu kura. Huandikisha makampuni, na chini yake zimo bodi zinazotoa leseni za taaluma. Muuguzi aliyehamia huko kutoka Nairobi au Dar es Salaam huenda akaijua ofisi hiyo kupitia leseni yake, miaka kadhaa kabla ya kupata uraia na haki ya kupiga kura. Katika uchaguzi, vituo huendeshwa na wilaya 159 za jimbo hilo. Katibu husimamia daftari la wapiga kura, huchagua mitambo, na huthibitisha matokeo ya jimbo zima.

Mwamuzi na mchezaji

Udhaifu wa utaratibu huo ulionekana wazi mwaka 2018. Brian Kemp wa chama cha Republican, aliyekuwa Katibu wa Jimbo tangu 2010, aligombea ugavana dhidi ya Stacey Abrams wa Democratic huku akiendelea kushika ofisi inayosimamia uchaguzi huo huo. Hakuna sheria iliyomzuia.

Wiki chache kabla ya siku ya kura, shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba maombi yapatayo 53,000 ya kujiandikisha yalikuwa yamesimamishwa, na karibu asilimia 70 kati yake yalikuwa ya watu weusi. Sheria ilitaka maelezo ya mwombaji yalingane barabara na kumbukumbu za serikali, kama vile za leseni ya udereva. Jina lenye kistari upande mmoja na lisilo na kistari upande wa pili lilitosha kuleta kikwazo. Yeyote ambaye jina lake limewahi kuandikwa kwa namna tatu na maafisa watatu wa uhamiaji ataelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Ofisi ya Kemp ilijibu kwamba waliosimamishwa bado wangeweza kupiga kura wakionyesha kitambulisho kituoni.

Kemp alishinda kwa kura zisizofika 55,000, na alijiuzulu ukatibu siku mbili baada ya uchaguzi. Kiti chake alikirithi Brad Raffensperger, mhandisi na mwanachama mwenzake wa Republican, aliyemshinda John Barrow wa Democratic katika duru ya pili Desemba 4, 2018, kwa kuwa mwezi Novemba hakuna aliyevuka nusu ya kura.

Kura 11,780

Miaka miwili baadaye Raffensperger, ambaye alimpigia kura Donald Trump, ndiye aliyetangaza kwamba Trump ameshindwa Georgia. Joe Biden alimzidi kwa kura 11,779. Karatasi zote, takriban milioni tano, zilihesabiwa tena kwa mikono, kisha kwa mashine, na mshindi akabaki yule yule. Januari 2, 2021, Trump alimpigia simu akimtaka atafute kura 11,780. Katibu alikataa. Mazungumzo yalikuwa yamerekodiwa na dunia nzima iliyasikia. Familia yake ilipokea vitisho vya kuuawa.

Hapo ndipo uchaguzi wa 2022 ulipopata uzito ambao cheo hicho hakikuwahi kuwa nao. Trump alimuunga mkono Jody Hice, mbunge wa Washington aliyekiacha kiti chake ili kumng'oa Raffensperger ndani ya chama. Hice aliendelea kudai kwamba uchaguzi wa 2020 uliharibiwa. Wachambuzi wengi walimhesabu Raffensperger kuwa amekwisha kisiasa.

Hata hivyo, Mei 24, 2022, alipata takriban asilimia 52 ya kura za mchujo dhidi ya wapinzani watatu, akaepuka duru ya pili. Hice alipata kama asilimia 33.

Ushindi huo una maelezo yake, na si ya ujasiri pekee. Georgia haiwaandikishi wapiga kura kwa vyama. Siku ya mchujo kila mtu huchagua karatasi ya chama anachotaka. Associated Press ilibaini kuwa zaidi ya watu 37,000 walioshiriki mchujo wa Democratic mwaka 2020 walipiga kura katika mchujo wa Republican mara hii. Lau mchujo ungekuwa wa wanachama watupu, huenda hesabu ingekuwa nyingine.

Raffensperger naye hakuwa mgeni wa siasa. Alikuwa ametetea sheria mpya ya uchaguzi ya 2021, ambayo Democratic waliilaani kuwa inawabana wapiga kura, na alifanya suala la wasio raia kuwa nguzo ya kampeni yake. Ukaguzi aliouagiza ulitaja watu 1,634 waliojaribu kujiandikisha katika miaka 25 bila uraia wao kuthibitishwa. Hakuna aliyeruhusiwa kupiga kura.

Mwezi Novemba alimshinda Bee Nguyen wa Democratic, binti wa wakimbizi kutoka Vietnam, kwa takriban asilimia 53 dhidi ya 44. Mwezi huo huo wagombea wa Republican waliokana matokeo ya 2020 walishindwa kupata cheo kama hicho Arizona, Nevada na Michigan.

Bodi bila Katibu

Sheria ile ile ya 2021 ilikuwa imemvua Raffensperger uenyekiti na kura yake katika Bodi ya Uchaguzi ya jimbo. Septemba 2024 bodi hiyo ilipitisha kanuni ya kuhesabu karatasi za kura kwa mikono vituoni siku ya uchaguzi. Katibu aliipinga, na mwezi Oktoba mahakama iliizuia. Septemba 2025 Raffensperger alitangaza nia ya kuwania ugavana, na kiti cha Katibu wa Jimbo kikawa wazi kwa uchaguzi wa 2026.