Kiwanda kinapoomba muda zaidi: nani anavuta moshi wakati wa kusubiri?

Anayevuka kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati, kisha akashika barabara ya Kibiti na Mkuranga kuelekea Dar es Salaam, huanza kuona mabomba ya moshi ya viwanda kabla hajafika Mbagala. Kwetu Miburani hatuna bomba la namna hiyo. Moshi tunaoujua ni wa jikoni, wa kukausha mbata, wa kuchoma taka na wa tanuri la chokaa. Lakini wengi wetu tuna ndugu wanaoishi jirani na viwanda hivyo, na wengine wanafanya kazi ndani yake.

Ndiyo maana kila inapotangazwa kwamba kiwanda fulani kimekutwa kinachafua hewa na kimepewa muda wa kujirekebisha, swali huwa lile lile: kama kosa limeonekana, kwa nini hakifungwi leo? Na je, huo muda una mwisho?

Katika makala haya tunaeleza muda wa nyongeza ni nini, kwa nini hutolewa, na lini huacha kuwa busara ukawa dhuluma. Tutaanza na kesi ya Dar es Salaam ambayo haikuwa ya kiwanda, ila swali lake ni hilo hilo.

Muda wa nyongeza ni nini?

Sheria za hewa huweka viwango: moshi, vumbi na gesi zinazotoka kwenye bomba zisizidi kiasi fulani. Kiwango kipya kinapowekwa, au kiwanda cha zamani kinapokaguliwa na kukutwa kimezidisha, mwenye kiwanda hutakiwa kufanya marekebisho. Huenda akahitaji chujio la kunasa vumbi, tanuri jipya, au kubadili kuni na mafuta anayotumia. Mitambo mingine huagizwa nje ya nchi, hufika baada ya miezi, na inahitaji fundi wa kuifunga.

Hapo ndipo mwenye kiwanda anapoomba muda. Hoja zake hazikosi uzito. Kiwanda kikifungwa ghafla, wafanyakazi hulala bila mshahara, mkulima aliyekuwa akikiuzia mazao hukosa soko, na bidhaa hupanda bei.

Upande wa pili yupo jirani. Yeye hakuomba muda wowote. Mapafu yake hayana likizo wakati wa kusubiri chujio lifike bandarini. Vumbi jembamba la moshi, lile lisiloonekana kwa macho, hupenya hadi ndani ya mapafu na kuingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango chake cha vumbi hilo mwaka 2021, likapendekeza wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Kabla ya hapo ilikuwa 10. Maana yake ni kwamba hata kiasi kidogo kimeonekana kuleta madhara.

Kwa hiyo muda wa nyongeza hauji bure. Kuna anayeulipia, na mara nyingi siye aliyeuomba.

Tabata: siku mahakama iliposema basi

Kwa miaka mingi taka za jiji la Dar es Salaam zilimwagwa Tabata. Taka zilichomwa, moshi ukatanda juu ya nyumba, harufu na nzi vikawa sehemu ya maisha. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kuishitaki Halmashauri ya Jiji. Mahakama ikakubaliana nao: jiji liache kutupa taka Tabata, litafute mahali pengine pasipohatarisha afya za watu.

Jiji halikuhama. Liliomba muda. Mahakama ikatoa muda, hadi mwisho wa Agosti 1991. Muda ulipokaribia kwisha, jiji likarudi tena kuomba uongezwe.

Safari hii ombi lilifika mbele ya Jaji Lugakingira, naye akalikataa. Alieleza kwamba hajapata kusikia popote mamlaka ya umma, au hata mtu binafsi, akienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akasema hakuna mahakama iliyopewa uwezo wa kukubali ombi kama hilo.

Msingi wa uamuzi wake ulikuwa ibara ya 14 ya Katiba yetu, inayompa kila mtu haki ya kuishi na ya maisha yake kulindwa na jamii. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na wananchi wakaanza kuweza kuzidai mahakamani mwaka 1988, mwaka ule ule wa kesi ya Tabata. Wakazi wale walikuwa miongoni mwa wa kwanza kunufaika nazo.

Tuliangalie jambo moja kwa makini. Jaji hakusema kwamba kuomba muda ni kosa siku zote. Muda wa kwanza ulikuwa umetolewa. Alichokikataa ni muda usio na mwisho, ambao kila ukiisha unazaa mwingine, huku watu wakiendelea kuvuta moshi. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Tabata iliumiza vifua.

Taka zilihamia wapi?

Hadithi haikuishia hapo, na hili ni funzo la pili. Jiji lilipoondoka Tabata lilipeleka taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko, zaidi ya 700, nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991. Jaji Rubama aliwapa haki: eneo lile lilikuwa limepangwa kuwa la makazi, na jiji halikuwa na mamlaka ya kuligeuza jalala. Baada ya hapo taka zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi.

Kumbe amri ya kuondoa uchafu mahali pamoja haitoshi kama hakuna mpango wa kuumaliza. Ndivyo ilivyo pia kwa kiwanda. Bomba likirefushwa ili moshi uende mbali, jirani wa karibu hupumua na wa kijiji cha pili huanza kukohoa.

Owino Uhuru: muda ulipogharimu watoto

Sasa tuje kwenye kiwanda chenyewe. Huko Mombasa, katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari zilizokwisha kilianza kazi mwaka 2007 ili kupata madini ya risasi. Jirani yake walikuwa wakiishi watu wapatao 3,000. Moshi na maji machafu vikawa vinatoka upande wao.

Wakazi walilalamika. Kiwanda kiliwahi kufungwa, kikaruhusiwa kufungua tena, malalamiko yakaendelea. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Akaacha kazi, akaungana na wakazi kudai haki. Kiwanda kilifungwa moja kwa moja mwaka 2014, na mwaka 2015 mama huyo akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Risasi si moshi wa kawaida. Huingia mwilini kwa hewa, vumbi na maji, ikamdhuru mtoto ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Ubongo ulioharibika utotoni haurudishwi na chujio litakalofungwa mwakani.

Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Waliotakiwa kulipa hawakuwa wenye kiwanda peke yao. Taasisi za serikali nazo zilibebeshwa sehemu, ikiwemo mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, kwa kutotimiza wajibu wake. Mahakama ya Rufani ilitaka fidia ikokotolewe upya mwaka 2023, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi wa mwanzo. Ni miaka kumi tangu kiwanda kifungwe.

Funzo lake ni hili: anayetoa muda naye ana dhamana. Ofisi inayojua kwamba watu wanadhurika ikanyamaza, inaweza kuitwa mahakamani pamoja na mchafuzi.

Muda unaofanya kazi

Je, ipo mifano ambapo muda wa nyongeza ulisaidia? Ipo. Marekani ilipitisha sheria ya hewa safi mwaka 1970, ikawataka watengenezaji wa magari kupunguza moshi kwa asilimia 90 ifikapo magari ya mwaka 1975. Kampuni zikalalamika kwamba haiwezekani. Mwaka 1973 mkuu wa shirika la mazingira la nchi hiyo, William Ruckelshaus, aliwaongezea mwaka mmoja.

Hakuwaacha hivi hivi. Aliweka viwango vya muda ambavyo lazima vifikiwe katika mwaka ule wa kusubiri, na jimbo la California, lililokuwa na moshi mwingi zaidi, likawekewa vikali kuliko kwingine. Magari ya mwaka 1975 yakatoka na kifaa kipya cha kusafisha moshi. Marekani nao waliendelea kusogeza tarehe za baadaye, lakini moshi wenyewe ulianza kupungua wakati wa kusubiri.

Sisi watu wa bahari tunalielewa hili. Nahodha ambaye jahazi lake linavuja anaweza kupewa nafasi ya kulikalafati. Lakini wakati anatafuta pamba na mafuta, hapakii abiria wengi kama kawaida akavuka nao mkondo. Atapunguza watu au atabaki gatini.

Sheria yetu inasemaje?

Tanzania Bara inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Inasema kila mtu anayo haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa mwananchi uwezo wa kwenda mahakamani kuidai. Mwaka 2007 zikatungwa kanuni za viwango vya ubora wa hewa.

Msimamizi mkuu ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, tunalolijua kwa jina la NEMC, lililoundwa mara ya kwanza mwaka 1983. Wakaguzi wa mazingira wana uwezo wa kuingia kiwandani, kuchukua sampuli na kudai kumbukumbu. Baraza linaweza kutoa amri ya kurekebisha au kurejesha mazingira, kutoza faini na kusimamisha shughuli.

Sheria hiyo haikuishia Dar es Salaam au Dodoma. Kila halmashauri ya wilaya inapaswa kuwa na afisa mazingira, na zipo kamati za mazingira za kata, kijiji na kitongoji. Kwa msikilizaji wa Miburani, mlango wa kwanza ni ofisi ya kijiji, kisha kata, kisha afisa mazingira wa Halmashauri ya Wilaya ya Mafia, Kilindoni.

Maswali sita ya kuuliza

Ukisikia kiwanda, machimbo au tanuri karibu na kwako au kwa nduguyo limepewa muda zaidi, uliza haya:

1. Muda unaisha tarehe gani? Neno "hivi karibuni" si tarehe.
2. Ni mara ya ngapi kuombwa? Ombi la kwanza linaweza kuwa la haki. La tatu linahitaji maelezo ya kina.
3. Nini kitapunguzwa leo, wakati wa kusubiri? Saa za kazi, kiasi cha uzalishaji, au kuchoma usiku watu wakiwa wamelala?
4. Nani anapima moshi, na majibu yake yanabandikwa wapi?
5. Uchafu wenyewe ni wa aina gani? Vumbi linaweza kuvumiliwa kwa muda mfupi wenye masharti. Risasi na sumu nyingine zinazobaki mwilini hazina cha kusubiri.
6. Muda ukiisha bila marekebisho, nini kitatokea? Jibu liwe limeandikwa ndani ya amri yenyewe.

Unapolalamika, andika. Weka tarehe, saa, upande upepo unakovuma, na waliougua kama wapo. Piga picha kwa simu yako. Baki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri. Lalamiko la mdomo husahaulika, lakini barua yenye muhuri huweza kufika hadi mahakamani.

Hapa kwetu

Huenda ukasema haya ni ya watu wa bara. Lakini tanuri la chokaa linalofukiza nyumba ya jirani, au jalala linalowaka karibu na shule, linaleta swali lile lile kwa kipimo kidogo. Mwenye tanuri naye ana watoto wa kulisha. Apewe nafasi ya kuhamia mbali na makazi, lakini nafasi hiyo iwe na siku yake, na hadi siku hiyo ifike asichome upepo unapoelekea kwa watu.

Wakazi wa Tabata hawakuwa mawakili wala wataalamu wa hewa. Walikuwa watu waliochoka kufunga madirisha. Walisubiri miaka mitatu baada ya kufungua kesi, wakarudi mahakamani kila jiji liliporudi, hadi jaji akasema basi.