Fahamu: Rekodi za simu zinavyokuanika hata kama hakuna aliyekusikiliza

"Mimi sina cha kuficha." Ndiyo kauli inayosikika kila suala la serikali kufuatilia simu za watu linapozuka. Wengi hudhani kufuatiliwa ni jamaa fulani kukaa ofisini akisikiliza maongezi yako. Mara nyingi sivyo. Kinachozolewa ni rekodi tu: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa dakika ngapi, na simu ilishika mnara upi.

Ni kidogo? Chukua mtu aliyepiga simu kituo cha ushauri nasaha cha VVU saa nane usiku, kisha akampigia mchumba wake, asubuhi akampigia wakili. Hakuna neno lililosikika, lakini siri yake imeshajulikana.

Juni 2013, nyaraka zilizovujishwa na Edward Snowden, aliyefanya kazi kwa mkataba katika shirika la ujasusi la Marekani, NSA, zilionyesha kuwa mahakama ya siri iliiamuru kampuni ya Verizon kukabidhi rekodi za simu za wateja wake kila siku. Si za washukiwa. Za wote.

Mei 2014, tovuti ya The Intercept ikaripoti kwamba Kenya nayo ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo NSA ilikusanya rekodi zao, kupitia mpango ulioitwa MYSTIC. Huko Bahamas, ilisema, hadi sauti za mazungumzo zilihifadhiwa.

Hoja ya usalama si ya kubezwa, hasa kwa Mkenya anayeikumbuka Westgate. Shida ni matokeo. Bodi ya Marekani inayosimamia faragha ilichunguza ukusanyaji wa rekodi ndani ya nchi hiyo na Januari 2014 ikasema haikuona hata tukio moja la tishio kwa Marekani ambapo mpango huo ulibadilisha matokeo ya uchunguzi wa ugaidi. Bunge la huko likausitisha kwa sheria ya Juni 2015. Sheria hiyo, hata hivyo, haikuzuia ukusanyaji nje ya mipaka ya Marekani, kwa hiyo mpiga simu wa Nairobi au Mombasa hakupata nafuu yoyote.

Na WhatsApp je? Ujumbe wenyewe umefungwa, hata kampuni haiwezi kuusoma. Ila unachati na nani na saa ngapi, hilo kampuni inaweza kulijua.